Kupunguza Uzito wa Baiskeli ya Mlimani ya Umeme: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kiachwe

Mwenye baiskeli ya mlimani ya umeme huutambua uzito wake siku anapolazimika kuiinua. Mota ikiwa inasukuma, kilo 24 hazimsumbui mtu; lakini akikuta mti umeanguka njiani, au akitaka kuipandisha kwenye kibebeo kilicho nyuma ya gari, au chaji ikamwishia kilomita tano kabla ya kufika, ndipo anapoanza kujiuliza ni vipuri gani angeweza kuvibadilisha ili apunguze mzigo huo. Baiskeli nyingi za aina hii zenye mota ya nguvu kamili huwa na uzito wa kilo 22 hadi 26, na kati ya hizo mota na betri peke yake huchukua kilo 6 hadi 7 na nusu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni fremu, ambayo haibadilishwi kirahisi. Vilivyosalia, yaani matairi, magurudumu, gia, foku, shokapu, usukani na siti, ndivyo vinavyoweza kupunguzwa kwa spana na fedha.

Tatizo ni kwamba wauzaji wa vipuri huvipanga kwa gramu, kana kwamba gramu zote ni za namna moja. Gramu mia za tairi na gramu mia za siti ni sawa kwenye mizani tu. Ukishapanda baiskeli na kuingia njiani, hizo mbili hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitauliza maswali matatu kwa kila kipuri: kinapunguza kiasi gani, uzito huo unatoka sehemu gani ya baiskeli, na ni kitu gani kinapotea pamoja nao.

Hesabu kabla ya kutoa hela

Tumchukue mpandaji wa kilo 80, mwenye mzigo wa kilo 5 mgongoni, juu ya baiskeli ya kilo 22. Jumla ni kilo 107. Akifanikiwa kupunguza kilo 2, jambo ambalo si dogo na litamgharimu, atakuwa amepunguza chini ya asilimia 2 ya uzito wote unaopanda mlima. Kwenye mwinuko unaomchukua dakika 10, akitumia nguvu ileile, atafika juu sekunde 11 hivi mapema. Upande wa betri hali ni hiyohiyo: kuinua kilo 2 hadi kimo cha mita 1,000 kunahitaji takriban wati-saa 5.5 (wati-saa ni kipimo cha nishati), na hata tukiongeza kinachopotea kama joto ndani ya mota tunafika kwenye wati-saa 7 hivi. Kwa betri ya wati-saa 625, hiyo ni asilimia 1 na kidogo. Mpandaji anayeshusha kiwango cha msaada ngazi moja kwa dakika chache huokoa chaji kuliko hiyo, tena bila kununua chochote.

Anayetaka kupanda kwa kasi zaidi au kwenda mbali zaidi kwa kubadilisha vipuri atakuwa ametoa fedha nyingi kwa faida kiduchu. Mota yenye nyutonmita 85 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kama Shimano EP8 au Bosch Performance Line CX ya kizazi cha nne, huzimeza kilo 2 bila mpandaji kuhisi lolote. Kwenye tambarare nako, mota hukata msaada inapofikia kasi iliyowekwa, ambayo Ulaya ni kilomita 25 kwa saa, na wepesi wa baiskeli hausogezi kikomo hicho.

Faida iko kwenye namna baiskeli inavyotii. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu huhesabiwa karibu mara mbili kila unapoongeza mwendo au kufunga breki, kwa sababu nishati inahitajika kuusogeza mbele na nyingine ya kiasi hichohicho kuuzungusha. Kisha kuna uzito usiobebwa na springi, yaani magurudumu, matairi, diski za breki, kaseti (seti ya gia za nyuma) na miguu ya chini ya foku: ukiwa mdogo, gurudumu hufuata mawe na mizizi kwa wepesi, na ukiwa mkubwa, gurudumu hurukaruka na kupoteza mshiko. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba uzito unaobebwa na springi, hasa betri na mota vilivyokaa chini katikati ya fremu, huisaidia baiskeli kutulia kwenye mteremko. Kinachohesabika kwa springi ni uwiano kati ya uzito wa juu na uzito wa chini. Mtu anayenunua usukani wa kaboni na bolti za titani huku akiacha matairi mazito na tyubu ndani yake anauharibu uwiano huo, ingawa kwa kiasi kidogo, na analipia uharibifu huo kwa bei ya juu.

Matairi na tyubu, kisha magurudumu

Hapa ndipo penye gramu nyingi kwa fedha kidogo, na pia ndipo penye mtego mkubwa.

Baiskeli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tyubu ndani, hata pale ambapo rimu na matairi yake vimetengenezwa kutumika bila tyubu. Tyubu moja ya kawaida ya gurudumu la inchi 29 huwa na gramu 200, na zile pana zilizokusudiwa matairi makubwa hukaribia 300. Ukiitoa na kuweka vali pamoja na dawa ya kuziba pancha, mililita 100 hadi 120 kwa kila tairi, unabaki na uzito wa gramu 100 na kidogo. Kwa magurudumu yote mawili umepunguza kati ya gramu 200 na 400, zote kutoka sehemu inayozunguka na isiyobebwa na springi. Juu ya hayo unapata ruhusa ya kupunguza upepo bila kuogopa tyubu kubanwa kati ya rimu na jiwe, na miiba midogo hujizibia yenyewe. Sijui badiliko lingine lolote la baiskeli hii linalotoa kiasi hicho kwa gharama ya chupa moja ya dawa na saa moja ya kazi.

Mshindani wa njia hiyo ni tyubu nyembamba za plastiki, ambazo nyingi zina uzito chini ya gramu 100 na hivyo kwenye mizani zinalingana na dawa au hata kuishinda. Hazichafui, hazikauki baada ya miezi michache kama dawa, na hufungwa kwa dakika tano. Lakini mwiba ukiingia, pancha ni pancha, na upepo mdogo unaompa mpandaji mshiko kwenye mawe hauwezi kutumika kwa usalama. Mimi huona mahali pake ni kwenye mfuko wa vifaa: tyubu ya namna hiyo kama akiba, badala ya ile nene inayochukua nafasi ya chupa ndogo ya maji, ni uamuzi ambao hauna hasara yoyote.

Tairi lenyewe ndilo linalohitaji akili zaidi. Watengenezaji hutoa tairi moja, lenye kashata (vinundu vya mpira) zilezile na jina lilelile, katika maganda ya unene tofauti. Maxxis, kwa mfano, huyapanga kuanzia ganda la EXO hadi DoubleDown hadi lile la mashindano ya mteremko. Kwa tairi la inchi 29 lenye upana wa 2.4 au 2.5, ganda jepesi humaanisha takriban gramu 900 hadi 1,000, la kati 1,150 hadi 1,250, na zito 1,300 na kuendelea. Anayetoka kwenye ganda zito kwenda jepesi hupunguza gramu 600 au zaidi kwa matairi mawili, na atauhisi wepesi huo kabla hajatoka nje ya lango.

Atahisi na kitu kingine baadaye. Nilipobadilisha yangu kwa mara ya kwanza niliweka maganda mepesi mbele na nyuma, na kwa wiki tatu nikawa nawaambia watu kwamba nimepata baiskeli mpya. Wiki ya nne, kwenye mteremko wa mawe ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi, nilisikia mlio mmoja mkavu chini ya siti, kisha dawa nyeupe ikaanza kuruka na kunipiga mgongoni kila gurudumu lilipozunguka. Ubavu wa tairi la nyuma ulikuwa umechanika urefu wa kidole gumba, na tundu la namna hiyo halizibwi na dawa yoyote. Nilishuka nikiisukuma baiskeli kwa mkono, na kilo zote nilizokuwa najisifia kuzipunguza nikazihesabu upya.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilisahau uzito unakaa wapi. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya umeme hubeba sehemu kubwa ya mpandaji, mota na betri, halafu husukumwa na nyutonmita ambazo miguu ya mtu haizitoi kwa mfululizo. Ganda jepesi huko nyuma hulazimisha kuongeza upepo ili lisipinde kwenye kona, na ukiongeza upepo umepoteza mshiko uliokuwa unautafuta. Kwa hiyo kati ya njia tatu zilizopo, mepesi pande zote, mazito pande zote, au mchanganyiko, napendekeza mchanganyiko: ganda la kati au zito nyuma, na ganda moja chini yake mbele. Unapunguza gramu 200 hivi badala ya 600, lakini ni gramu za gurudumu la mbele, lile unalolielekeza na kuliinua. Anayepita njia za udongo laini zisizo na mawe makali anaweza kwenda mepesi pande zote bila wasiwasi. Anayeweka ganda jepesi kisha akanunua povu la kulinda rimu ndani yake ajue kwamba povu hilo lina gramu 100 hadi 250 kwa kila gurudumu, na huenda akawa amerudi alikoanzia kwa njia ya gharama kubwa zaidi.

Magurudumu mapya ni hatua ya pili, na ni hatua ya fedha nyingi. Jozi ya alumini inayokuja na baiskeli ya umeme ya bei ya kati huwa na gramu 2,000 hadi 2,200. Jozi nzuri ya kaboni huwa kati ya 1,700 na 1,900. Tofauti ya gramu 300 hivi iko mahali panapostahili, na rimu ya kaboni huibadilisha tabia ya baiskeli kwenye kona kwa ugumu wake, jambo ambalo wengine hulipenda na wengine huliona linachosha mikono. Lakini ukizilinganisha gramu 300 hizo na zile 200 hadi 400 za kutoa tyubu, ni vigumu kumshauri mtu aanze hapa. Na kabla ya kununua jozi yoyote, angalia imeidhinishwa kubeba uzito gani wa jumla, wa mtu, baiskeli na mzigo, na kama imekubaliwa kwa matumizi ya mota. Meno yaliyo ndani ya haba ya nyuma (kitovu cha gurudumu) na spoki zake hupokea nguvu nyingi kuliko kwenye baiskeli ya miguu tu. Ndiyo sababu kampuni kama DT Swiss ina familia nzima ya magurudumu, iitwayo Hybrid, kwa ajili ya baiskeli za umeme. Magurudumu mepesi ya mashindano ya nyika yatapendeza kwenye mizani na yatakurudisha kwa fundi.

Betri ndogo dhidi ya betri kubwa

Kwa gramu tupu hakuna kipuri kinachoishinda betri. Katika mfumo wa Bosch, betri ya ndani ya fremu ya wati-saa 500 ina takriban kilo 3, na ile ya 750 ina takriban kilo 4.3. Kutoka kubwa kwenda ndogo ni kilo 1.3 hivi kwa kubofya kitasa kimoja, kiasi ambacho ukikitafuta kwenye usukani, siti na bolti hutakipata.

Hata hivyo uzito huo ni wa aina ya tatu: hauzunguki, unabebwa na springi, na umekaa chini katikati. Utausikia unapoinua baiskeli, unaporusha gurudumu la mbele na unapoigeuza haraka kati ya miti, lakini hautabadilisha jinsi gurudumu linavyofuata mawe. Swali basi linakuwa la safari zako. Mtu ambaye kila mara hurudi nyumbani akiwa na nusu ya chaji anabeba kilo moja na zaidi ya akiba asiyoitumia. Mtu anayerudi na asilimia 10 hana cha kujadili, kwa sababu baiskeli ya umeme iliyoishiwa chaji ndiyo nzito kuliko zote. Kwa anayesitasita kati ya hao wawili, betri ndogo ndani ya fremu pamoja na betri ya ziada inayofungwa mahali pa chupa ya maji, pale ambapo mfumo unairuhusu, ni suluhisho zuri: siku ya kawaida unaiacha nyumbani. Ya mfumo wa TQ, mtengenezaji mwingine wa mota, kwa mfano, ina wati-saa 160 na uzito wa gramu 950 hivi.

Tahadhari ziko mbili. Betri hazibadilishani ovyo. Zile za mfumo wa zamani wa Bosch hazifanyi kazi kwenye mfumo wake mpya, na hata zilizo za mfumo mmoja huweza kutofautiana urefu kiasi cha kuhitaji kishikizo kingine ndani ya fremu. Betri mpya za wati-saa 600 na 800, zenye kilo 3.0 na 3.9, ni nyepesi kwa kile zinachobeba, lakini usinunue kwa kudhani zitaingia kwenye fremu uliyonayo. Tahadhari ya pili ni kutonunua betri isiyoidhinishwa na mtengenezaji wa mfumo kwa sababu tu ni nyepesi, maana hapo unachokihatarisha ni nyumba.

Anayesumbuliwa na kibebeo cha gari peke yake anaweza kuacha kusoma hapa: toa betri kabla ya kuinua baiskeli. Kilo 3 au 4 zimeondoka bila gharama.

Kaseti: wepesi unaolika

Kaseti iko nyuma kabisa, haibebwi na springi, na ndiyo kipuri cha gia chenye tofauti kubwa zaidi kati ya daraja na daraja. Upande wa Shimano, kaseti ya gia 12 yenye meno 10 hadi 51 ina takriban gramu 593 katika daraja la Deore, 534 katika SLX, 470 katika XT na 367 katika XTR. Upande wa SRAM, ile ya NX Eagle ina gramu 615 hivi na ya GX Eagle 450 hivi.

Kutoka Deore kwenda XT ni gramu 120 na zaidi, na kaseti huingia kwenye haba ileile bila kubadilisha kitu kingine. Kutoka NX kwenda GX ni gramu 165, ila kaseti hizo mbili hazikai kwenye kitako (sehemu ya haba inayoshikilia kaseti) cha namna moja. Lazima ununue kitako kingine cha haba, na kama haba yako haina kitako hicho, akiba yote imekwenda. Wengi hugundua jambo hili wakiwa na kaseti mpya mkononi na ya zamani imeshafunguliwa.

Halafu kuna suala la kulika. Wepesi wa kaseti za juu hutokana na kuweka alumini kwenye meno makubwa badala ya feleji, na katika XTR hata titani. Meno makubwa ndiyo unayopandia mlima huku mota ikisukuma kwa nguvu zake zote, na alumini haivumilii mnyororo uliochakaa. Ni jambo la kufikirisha kwamba Shimano yenyewe, ilipobuni familia ya Linkglide kwa kuzingatia baiskeli za umeme, ilikwenda upande wa pili: kaseti ya XT Linkglide yenye meno 11 hadi 50 ina gramu 780 hivi, na mtengenezaji anadai inadumu hadi mara tatu ya zile nyepesi. Hapo mhandisi na mpenda wepesi hawakubaliani, na kwa baiskeli yenye nyutonmita 85 mimi niko na mhandisi. Nikilazimishwa kuchagua kwa ajili ya uzito, ningesimama kwenye SLX au XT na kubadilisha mnyororo mapema. Ningeifikiria XTR kwa mtu mwenye mota ndogo na mkono mwepesi wa kubadili gia, si kwa anayebadili gia katikati ya mwinuko akiwa amesimama juu ya pedali.

Foku na shokapu

Mwaka 2020 foku zenye nguzo za milimita 38, Fox 38 na RockShox Zeb, ziliingia sokoni, na baiskeli nyingi nzito za umeme zimezipokea. Ukizilinganisha na ndugu zake wembamba, Fox 36 na RockShox Lyrik, tofauti ni gramu 200 hadi 300 hivi. Kwa mpandaji mwepesi asiyeshuka miteremko mikali, kwenda kwenye foku nyembamba kunaleta mantiki, mradi urefu wake wa kucheza ubaki uleule au upungue kidogo tu, ili pembe ya usukani isiharibike. Kwa mpandaji mzito anayefunga breki kwa nguvu akiwa na diski ya mbele ya milimita 220, foku nyembamba hujipinda, na anachopoteza ni uhakika wa mstari anaoufuata. Baadhi ya watengenezaji hutoa matoleo yenye kuta nene kwa ajili ya baiskeli za umeme. Ukiona ya kwako ni ya aina hiyo, usiibadilishe kwa nyepesi bila kusoma wanachoruhusu.

Shokapu ya nyuma ya springi ya feleji dhidi ya ile ya upepo ni uchaguzi ulio wazi zaidi kwa uzito: kwenda kwenye upepo hupunguza gramu 300 hadi 500. Lakini uzito huo umo ndani ya fremu, chini, kwa sehemu kubwa ukibebwa, yaani ni uzito usiodhuru sana, na springi ya feleji hutoa ulaini wa mwanzo ambao ya upepo huukaribia tu. Aliyenunua baiskeli yenye springi ya feleji kwa sababu anaipenda asiitoe kwa ajili ya mizani.

Vidogo vidogo

Usukani wa kaboni hupunguza gramu 80 hadi 120 na kuituliza mitetemo kidogo; ufungwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, na ukianguka vibaya uukague vizuri au uutupe. Siti nyepesi hupunguza gramu 100 hivi, ila siti inayokuumiza ni nzito hata ikiwa haina uzito. Vishikio vya povu au silikoni vina gramu 30 hadi 50 ilhali vile vya kufungwa kwa skrubu hufika 100 na zaidi, na ni vya bei ndogo. Hicho ni kibadilisho cha uaminifu kwa asiyejali kuvifunga upya baada ya muda. Bolti za titani zote kwa pamoja hupunguza gramu chache zinazolingana na maji ya kumeza mara mbili. Nguzo ya siti inayoshuka usiitoe. Diski za breki usizipunguze kutoka milimita 203 kwenda 180, maana unaokoa gramu 50 hivi kwa diski kwenye chombo kizito ambacho lazima kisimame. Kama kuna mahali baiskeli hii inastahili uzito wake, ni pale.

Na wakati unahesabu gramu hizo, ufungue mfuko wako wa mgongoni. Lita ya maji isiyonywewa ni kilo nzima, na tope lililoganda kwenye matairi na chini ya fremu baada ya safari ya mvua huweza kuzidi kila kitu ulichokinunua.

Kubadilisha vipuri au kubadilisha baiskeli

Aliyefanya yote yaliyo ya busara hapo juu, akatoa tyubu, akaweka ganda jepesi mbele, akapata magurudumu ya kaboni, kaseti ya XT, usukani na vishikio, atakuwa amepunguza kilo 1 hadi 1.2 hivi. Akiweka na betri ndogo atafikia kilo 2.3 hadi 2.5. Baiskeli ya kilo 24 itakuwa ya 21.5 hivi, na itakuwa nzuri zaidi kuendesha. Haitakuwa ya kilo 18.

Anayeitaka ya kilo 18 anatafuta mota nyingine, na mota haibadilishwi, kwa kuwa fremu hutengenezwa kulingana na umbo lake. Mota nyepesi za sasa zina kilo 2 au chini yake: TQ HPR50 ina kilo 1.85 na nyutonmita 50, Fazua Ride 60 ina kilo 1.96 na nyutonmita 60, Bosch Performance Line SX ina kilo 2 hivi na iliingia sokoni ikiwa na nyutonmita 55. Zikiambatana na betri za wati-saa 300 hadi 430, fremu nyembamba na foku ndogo, wepesi unajijenga wenyewe, kipuri kimoja kikiruhusu kingine kiwe chepesi. Baiskeli kama Trek Fuel EXe ya mwaka 2022 iliundwa kwa fikra hiyo tangu mchoro wa kwanza. Orbea Rise ilifuata njia ya katikati, ikatumia mota ya Shimano EP8 iliyowekewa kikomo cha nyutonmita 60 ili betri ya wati-saa 360 itoshe.

Tofauti ya maisha kati ya baiskeli yenye mota nyepesi na ile yenye mota ya nguvu kamili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Yenye mota nyepesi humtaka mpandaji achangie. Kwenye mwinuko mkali wenye mizizi atatoka jasho pale ambapo mwenye nyutonmita 85 anapita akizungumza. Akipanda pamoja na wenzake wenye mota kubwa, ataishiwa chaji kwanza au ataachwa. Akipanda peke yake, au na wenzake wasio na mota, ataipenda kuliko chochote alichowahi kumiliki. Kwa hiyo kabla ya kuagiza magurudumu ya kaboni, azima au kodi baiskeli ya kilo 18 kwa siku moja, uipeleke kwenye njia unayoijua vizuri kuliko zote, ukianza na mwinuko ule ambao sasa unaupita kwa msaada wa juu kabisa. Ukifika juu ukitabasamu, fedha ya vipuri ibaki ilipo hadi itoshe kununua baiskeli. Ukifika juu ukilaani, toa tyubu, weka dawa, na uanze na tairi la mbele.